Upanga Uliovishwa Soksi

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wengi wakiisikia methali hii humfikiria mama na kitoto kinachogaragara chini kwa sababu kimenyimwa sukari. Maana yake ni hiyo, ila haiishii hapo. Yeyote anayeogopa kumzoesha shida kidogo yule ampendaye, kisa hataki kuyaona machozi yake leo, hujiwekea akiba ya machozi ya kesho, na mliaji wa kesho huwa ni yeye mwenyewe. Tena huyo mwana si lazima awe binadamu. Alban Sauter, mtengeneza jibini wa mji wa Ranzenweiler, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na farasi.

Kila mwaka, Jumapili ya sikukuu ya Mtakatifu Georg, kikosi cha wapanda farasi wa mji ule hutoka sokoni na kupanda hadi kanisa dogo la kilimani, ambako padri huwabariki farasi wa wilaya nzima. Hao si askari wa vita. Ni waoka mikate, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, fundi bomba, hata daktari wa meno yumo. Lakini mvike fundi bomba koti la buluu lenye kola nyekundu, suruali nyeupe ya ngozi, buti za kufika magotini na kofia ya shaba yenye shungi la singa nyeusi, kisha umning'inizie upanga kiunoni. Utaapa kwamba mtu yule hajawahi kushika koki maishani mwake. Sare ni mali ya kikosi, nayo imepita migongoni mwa baba na babu. Mtu akifa, koti hupunguzwa au huongezwa, akapewa mwingine.

Mpanda farasi anayefikia umri wa kustaafu hupewa heshima moja ya mwisho, nayo ni kuibeba bendera ya kikosi. Heshima hiyo ina mwiba wake. Bendera ikigusa ardhi, sherehe imekwisha. Wote hushuka na kurudi kwa miguu wakiwakokota farasi wao, na farasi aliyeiangusha hapangwi mstarini tena hadi kufa kwake. Mwaka huo zamu ya kuibeba ilikuwa ya Alban, na hakutaka kuibeba juu ya mgongo wa farasi mwingine yeyote ila Mirabell.

Mirabell alikuwa farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Mama yake alikufa alipomzaa, na Ottilie, mke wa Alban, akamlea jikoni kwa chupa ya maziwa, akimlaza kwenye blanketi karibu na jiko. Ottilie naye alifariki kabla hajamwona Mirabell akitiwa tandiko. Kwa hiyo Alban alipomwita farasi yule "mwanangu", watu hawakucheka, au walicheka akiwa ameshapita. Alimpenda kupita kiasi, na hilo hata yeye hakulikana.

Kikosi kina desturi yake ya kuwafunza farasi. Kuanzia sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari, kila mpanda farasi huchukua sare kuukuu ya mazoezi, yenye viraka na harufu ya dawa ya nondo, akaivaa zizini. Humlisha farasi akiwa ameivaa, humpiga brashi akiwa ameivaa, hata samadi huizoa akiwa na kofia ya shaba kichwani. Mgeni akipita atadhani wazee wa mji wamerukwa na akili kwa mpigo mmoja. Lakini farasi humjua bwana wake kwa umbo na sauti, na mtu mwenye kofia ya shaba na upanga unaolialia kiunoni, kwa farasi, si bwana tena bali ni zimwi. Sharti alizoee zimwi hilo kabla matarumbeta hayajaanza.

Mirabell aliizoea kofia upesi, hata akawa analitafuna shungi. Koti halikumsumbua. Tatizo lilikuwa upanga. Siku ya kwanza Alban alipompanda akiwa nao, ala ya chuma iligonga kikuku cha kukanyagia, kwang! Mirabell akaruka. Kwang! Macho yakamtoka, jasho likamfunika shingo, akalia mlio mrefu wa kuogofya, uleule aliokuwa akiulia alipokuwa kitoto na chupa imechelewa. Moyo wa Alban ukakatika. Akashuka, akaufungua mkanda na kuutundika upanga ukutani.

"Basi, basi, mwanangu," alimbembeleza. "Hautarudi tena huo. Nani amekuonea, eh? Nani?"

Juma lililofuata akajaribu tena, mlio ukawa uleule, na upanga ukarudi ukutani. Baada ya hapo hakujaribu tena.

Gebhard Zwerger, muuza matairi ambaye ndiye aliyekuwa kamanda wa kikosi, alipita kumtembelea mwezi wa Machi. Walikuwa marafiki tangu shuleni, na Gebhard hakuwa mtu wa kuzungukazunguka kwa maneno.

"Upanga wako uko wapi?" akauliza.

"Si ule pale, umetundikwa."

"Naona umetundikwa. Mimi nilidhani mahali pake ni kiunoni."

"Mirabell ana kikohozi, Gebhard."

"Juzi kwato, wiki iliyopita tumbo, leo kikohozi. Huyu ni farasi au ni mama mkwe wangu?"

Alban hakucheka. "Analia," alisema. "Nikiuvaa, analia. Huujui mlio wake wewe."

"Siujui? Wa kwangu alilia wiki nzima mpaka majirani wakaniitia polisi! Alipochoka akanyamaza, na sasa hata nikimgongea sufuria masikioni anaendelea kula. Mwache alie, ndugu yangu. Kulia hakujaua farasi."

"Ottilie asingekubali."

Hapo Gebhard akachukua kofia yake, maana jina la Ottilie lilikuwa kufuli. Alipokuwa akiondoka, akageuka mlangoni. "Kama hutaki kumliza, basi mchukue Moritz, yule farasi wa kikosi. Mzee yule hata mbingu zikianguka atauliza chakula ni saa ngapi. Bendera ni bendera tu, hata juu ya Moritz."

"Nitambeba Ottilie juu ya Moritz?" Alban akasema kwa ukali. Alikusudia kusema bendera, na wote wawili walijua hivyo, lakini hakuna aliyesahihisha.

Jumamosi ya ukaguzi ilifika. Siku hiyo kila farasi hupitishwa mbele ya ngoma kubwa, mpanda farasi akiwa na sare kamili, na kamanda ndiye anayeamua nani atapangwa mstarini. Alban aliamka na ujanja wake. Alichukua soksi ndefu ya sufu, ya kuvaliwa na buti za theluji, akaivuta juu ya ala ya upanga kuanzia chini hadi karibu na mpini. Mvua nayo ilimsaidia, kwa sababu wote walikuwa wamevaa majoho marefu ya mvua, na joho lake lilifunika kila kitu. Mirabell akapita mbele ya ngoma kwa madaha, masikio yamesimama, na upanga wa Alban ukagonga kikuku bila sauti yoyote. Gebhard alimtazama kwa muda kama mtu aliyesikia jambo, au aliyekosa kusikia jambo. Kisha akamwona rafiki yake anavyotabasamu, tabasamu ambalo hakuwa ameliona tangu mazishi ya Ottilie.

"Amepita," akasema.

Jumapili ya Mtakatifu Georg kukapambazuka bila wingu hata moja. Majoho yakabaki kabatini. Kikosi kilijipanga nyuma ya ukumbi wa mji, shaba ziking'aa na farasi wakiwa wamesukwa singa. Bi Zenzi, mshonaji mzee anayezitunza sare zote, alikuwa akipita mstarini na sindano mdomoni, akikaza kifungo hapa na kufuta vumbi pale. Kanuni yake ilijulikana: hakuna kitu kinachovaliwa juu ya sare ambacho si cha sare. Aliwahi kumvua meya saa ya mkononi. Alipofika kwa Alban, akasimama.

"Wewe Alban. Hii ni nini?"

"Ipi, Bi Zenzi?"

"Hii. Umeuvika upanga soksi. Unaona baridi?"

Wapanda farasi wa karibu wakaangua kicheko. Alban akawa mwekundu kama kola yake. "Ni kwa ajili ya farasi tu, Bi Zenzi. Iache leo tu, nakuomba. Ni mwaka wangu wa mwisho."

"Na mimi ni mwaka wangu wa arobaini, na sijawahi kumtoa mtu nje na soksi ya sufu imening'inia kiunoni. Babu yako aliuvaa upanga huu. Unataka aone aibu huko aliko?" Akaivuta soksi kwa mkono mmoja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea na mtu wa pili.

Gebhard alikuwa amesikia yote. Akamsogeza farasi wake karibu na kuinama. "Kwa hiyo siku ya ukaguzi..."

"Ndiyo."

"Ole wako, Alban! Umenidanganya machoni."

"Nilikudanganya. Nisamehe."

"Nitakusamehe jioni. Sasa hivi shuka. Moritz yuko pale ukutani, ametandikwa tayari. Dakika moja tu na utakuwa juu yake."

Alban alimtazama Moritz, aliyekuwa akisinzia huku mdomo wa chini umelegea. Akamtazama Mirabell, ambaye alikuwa amemsuka singa kwa mikono yake mwenyewe tangu alfajiri. Aliogopa, na alijua anaogopa. Lakini alijiambia kwamba pengine Mirabell ameshakua, pengine amesahau, pengine leo kwa heshima ya siku hatalia. Mapenzi yana hoja nyingi yakitaka kutudanganya.

"Nitakwenda naye taratibu," akasema.

Wakatoka. Katika njia ya vumbi nyuma ya ukumbi mambo yalikuwa shwari, kwa kuwa walikwenda polepole na Alban aliubana upanga kwa goti. Bendera aliishika kwa mkono wa kulia, hatamu kwa mkono wa kushoto. Wakaingia sokoni, watu wakashangilia, bendi ikapuliza, na kwa desturi kikosi huuvuka uwanja ule wa mawe kwa mwendo wa kukimbia kidogo. Goti haliwezi kubana upanga juu ya farasi anayekimbia. Kwang! Upanga ukagonga kikuku. Kwang! Kwang!

Mirabell akalia. Mlio ule ulipita juu ya matarumbeta yote. Akajipinda, akasimama kwa miguu ya nyuma, kisha akatimka kuelekea kwenye vibanda vya soseji, na kadiri alivyokimbia ndivyo upanga ulivyozidi kumgonga ubavuni. Watu wakatawanyika wakipiga mayowe. Alban alihitaji mikono miwili kumzuia, naye alikuwa na mmoja. Mbele yake aliona kigari cha mtoto na mwanamke anayejaribu kukivuta pembeni, lakini ameshachelewa. Akaiachia bendera, akashika hatamu kwa mikono yote miwili na kumgeuza farasi kwa nguvu zake zote. Mirabell akateleza juu ya mawe, wakaanguka pamoja kando ya kibanda.

Mtoto hakuguswa. Mirabell aliinuka mwenyewe, magoti yamechubuka. Daktari wa meno alimpapasa Alban begani, akamfunga mkono kwa skafu na kusema kwamba mfupa wa mtulinga si jino, lakini huu hata yeye anaona umevunjika. Bendera ilikuwa imelala juu ya mawe, na bendi ilikuwa imenyamaza.

Gebhard aliitazama bendera ile. Kisha akatoa amri: "Kikosi, shuka!"

Wote wakashuka. Kule kilimani wakulima walikuwa wakisubiri na farasi wao, na padri na maji yake ya baraka. Ilibidi mtu atumwe kuwaambia warudi nyumbani. Kikosi kikapanga safu mbili na kuanza kurudi kwa miguu kuelekea kwenye mazizi ng'ambo ya mto, watu wakiwatazama bila kupiga makofi. Alban alikataa kupelekwa hospitali kwanza. Alisema aliyeleta aibu lazima aitembee, akamshika Mirabell lijamu kwa mkono mzima. Gebhard akamshika upande wa pili.

Sasa, upanga wa mpanda farasi ni mrefu. Akiwa chini, ala yake huburuta na kugonga mawe kwa kila hatua. Kikosi kizima kilikuwa kikitembea, na panga zote zililia mbele, nyuma na kandokando ya Mirabell. Akatetemeka. Akalia, akavuta, akatokwa na povu. Alban alitaka kumtoa mbio apate kupumzika, lakini kwa mkono mmoja hakuweza, na panga za watu wote hakuweza kuwavua. Basi Mirabell akalia, na hakuna aliyemsikiliza.

Akalia hadi kwenye duka la mikate. Kufika duka la dawa alikuwa akitikisa masikio tu. Walipokanyaga daraja, panga zikivuma juu ya mbao kuliko zilivyovuma popote, Mirabell alipiga mwayo, akanyoosha shingo na kuanza kulitafuna shungi la kofia ya Gebhard.

Alban akasimama katikati ya daraja. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mtulinga unauma?" Gebhard akauliza.

"Mtazame," Alban akasema. "Mtazame, Gebhard. Kilio chote kilikuwa ni cha sokoni mpaka hapa. Sokoni mpaka hapa tu!"

"Naona."

"Sasa ameshazoea. Mpeni mwaka mmoja. Si mimi, mimi nimekwisha; ampande mtu mwingine yeyote. Apite mstarini mara moja tu, nisimame pembeni nimwone. Ottilie..."

"Usiniombe, Alban," Gebhard akasema, na macho yake pia yalikuwa yamelowa. "Kanuni ile hatukuitunga sisi. Ningeweza kukukatalia mwezi wa Machi, na hata leo asubuhi, nikashindwa. Sasa siwezi kushindwa tena."

Alban akaegemea ukingo wa daraja, katika koti la buluu na kofia ya shaba, mbele ya kikosi kizima na mji mzima, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotelewa. Hakuna aliyemnyamazisha. Kando yake Mirabell, mtulivu, macho makavu, alikuwa akitafuta majani kwenye nyufa za mbao. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.