Mkoba wa Luqmani na Kona ya Nne

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi wa Babati hatuhitaji kufafanuliwa methali hii, maana mbaazi tunailima, tunaila na kuiuza, na tunajua kwamba jua linalolaumiwa na mche mmoja ndilo hilo hilo lililochanuza maua ya mche wa jirani. Husemwa kwa mtu ambaye kazi ikimshinda hutafuta wa kumtwisha lawama. Watu wa namna hii wanachosha, jamani! Wanachosha kuliko wavivu, kwa kuwa mvivu angalau hukaa kimya.

Luqmani wa Bagara alikuwa mmoja wao. Alikuwa fundi sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mwenye mikono myepesi na sikio zuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu: tangu azaliwe hakuwahi kukosea. Sauti ya harusi ikikwaruza, jenereta ndilo bovu. Sauti ya maulidi ikikatika, upepo umezidi. Mahafali ya shule yaliporekodiwa yakasikika kama watu wanaozungumza ndani ya pipa, alisema mkuu wa shule anaongelea puani. Najma, binti wa baba yake mkubwa, ndiye aliyekuwa na studio ya video karibu na stendi, na alimvumilia kwa sababu damu ni nzito kuliko maji. Hata hivyo, uvumilivu wake ulikuwa umebaki kama sabuni ya mwisho wa mwezi.

Siku moja ya Januari, mwalimu Coletha, mama Xaveria, aliingia studioni hapo. Baba yake, Mzee Sosthenes, mkulima wa Mutuka, alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu ingekuwa siku ya kupasuliwa katika hospitali ya mbali, na daktari alikuwa amewaambia bila kuficha kwamba uhai wake anautumainia, lakini sauti hana hakika nayo.

"Kabla hajaondoka ananikabidhi shamba," Coletha alisema. "Katika ukoo wetu, anayekabidhi shamba huzunguka mpaka wote kwa miguu, peke yake, akiomba kwa sauti. Kila kona ina maneno yake. Kona ya nne ndipo anapomtaja anayemwachia. Mimi nataka sauti yake, dada Najma. Picha zake ninazo tele. Sauti sina hata moja."

"Tukiharibu tunaweza kumwomba arudie?"

"Hairudiwi. Kurudia ni kusema kwamba ulichotoa mara ya kwanza hukukitoa kwa moyo. Wala hafuatwi, wala hakatizwi."

Najma akamgeukia Luqmani. "Umesikia? Mara moja tu."

"Dada, kazi ndogo hiyo," Luqmani alijibu. "Mzee namvalisha maiki isiyo na waya, nakaa uani na mkoba wangu, namsikia mpaka mwisho wa shamba."

Na kweli, mkoba ule uliweza. Ndani yake mlikuwa na rekoda, vipokezi vitatu vya maiki, betri kubwa moja yenye matundu ya kugawa umeme, na boksi dogo jeusi la antena. Boksi hilo ndilo lililokuwa roho ya mkoba. Lilipokea mawimbi kutoka kwenye antena mbili zilizochomoza juu, likayapa nguvu, likavigawia vipokezi vyote, kama mama anayepakua chungu kimoja kwenye sahani tatu. Lakini mama naye hula ndipo apakue. Boksi lilitaka umeme wake kutoka kwenye betri kubwa. Likikosa, vipokezi hubaki na makombo, na makombo hayafiki mbali.

Jumamosi asubuhi walipanda bajaji kwenda Mutuka. Njiani simu ya Luqmani ilionyesha chaji imekaribia kwisha. Mtu mwingine angeizima. Luqmani aliingiza mkono mkobani, akachomoa waya wa boksi la antena na kuchomeka chaja ya simu mahali pake. Akajiambia atarudisha wakifika. Walifika, na hakurudisha. Hapo ndipo ninapotamani kuingia ndani ya hadithi hii nimkung'ute.

Mzee Sosthenes aliwapokea uani, amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kati yenu ni wa sauti?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo, lakini ilikuwa na joto la mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mbali.

Luqmani alijivika mkoba kifuani, akambana mzee maiki kwenye kola, akamsimamisha hatua tatu kutoka kwenye mkoba, akavaa hedifoni. Kila neno lilikuja safi. Bila shaka lilikuja safi! Hatua tatu hata makombo yanatosha.

"Umekagua boksi la antena?" Najma aliuliza.

"Dada, unanifundisha kazi?"

"Nakuuliza. Basi mzee atembee kidogo tujaribu."

Mzee alitembea kuelekea kwenye ua wa mkonge, akihesabu kama alivyoombwa. Moja mpaka ishirini alisikika. Ishirini na mbili ikakwaruza. Ishirini na tano ikawa mchanga mtupu.

"Ni ile mashine ya kusaga," Luqmani alisema papo hapo. Coletha alikimbia kwa jirani kuomba mashine izimwe, na akina mama waliokuwa na madebe yao ya mahindi wakasonya. Mzee akahesabu tena. Mchanga ule ule.

"Basi ni pikipiki ile." Pikipiki ikaondolewa. Mchanga.

"Mlima Kwaraa huo. Unarudisha mawimbi." Mlima haukuondoka.

"Luqmani," Najma alisema kwa sauti ya chini, "fungua mkoba uangalie nyaya."

"Nikifungua vumbi litaingia. Tatizo haliko humu. Kuna simu inayoingilia, naisikia kabisa."

Coletha alisogea kwa aibu. "Labda ni yangu. Nimeiweka mfukoni mwa koti la baba inarekodi, kama akiba tu, endapo…"

"Si hiyo sasa!" Luqmani alipiga makofi kama aliyeokota almasi. "Mama Xaveria, umetuponza. Simu pua na mdomo na maiki! Itoe uizime. Wote zimeni simu."

Wote walizima. Najma alizima yake. Coletha aliitoa simu kwenye koti la baba yake, akaitazama kidogo, akabonyeza mpaka kioo kikawa cheusi. Simu moja tu katika ua ule ilibaki hai, nayo ilikuwa ndani ya mkoba, ikinyonya umeme wa boksi la antena kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Kufikia hapo mzee alikuwa amerudi, amesimama hatua tatu kutoka kwenye mkoba, akihema. "Kijana, nimehesabu mpaka koo linaniuma. Tayari au si tayari?"

"Sema tena kidogo, mzee."

"Nasema nimechoka."

Sauti ilikuja safi. "Poa kabisa!" alisema Luqmani. "Nilisema ni simu."

"Atembee tena tuhakikishe," alisema Najma.

"Hapana," mzee alikata. "Koo hili lina safari moja. Naanza."

Akaanza. Aliinamisha kichwa, akashika udongo, akamtaja Mungu na waliolima kabla yake, kisha akageuka na kuingia shambani, kati ya mahindi na miche midogo ya mbaazi. Hakuna aliyemfuata. Coletha alisimama amekumbatia mikono yake mwenyewe.

Hatua ya ishirini na tano mchanga ulirudi masikioni mwa Luqmani. Najma, akiwa kwenye kamera, alimtazama na kuinua nyusi. Na Luqmani, badala ya kufungua zipu, kazi ya sekunde tano tu, alimwinulia kidole gumba. Ewe Mola! Mtu anazama, anaulizwa kama anazama, anajibu maji ni matamu. Kisha akaanza kunong'ona peke yake, akigeuza vitufe, akiuelekeza mkoba huku na huku, mpaka mzee alipomaliza kona zote nne na kurudi uani akitokwa jasho, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimemaliza," alisema, na sauti yenyewe ilikuwa imefifia.

Hapo simu ikalia. Ililia kwa nguvu, wimbo wa mpira, kutoka ndani ya mkoba.

Watu wote wakautazama mkoba. Najma hakuuliza. Aliiacha kamera, akafungua zipu, akaivuta simu, na waya wake ukaja nao. Kando yake mkia wa boksi la antena ulikuwa unaning'inia, haukushika popote. Taa ya boksi ilikuwa imezimika.

"Luqmani. Hii nini?"

"Hiyo… mwenye bajaji alikuwa anarusha rusha, labda ilichomoka…"

"Na chaja nayo ikajichomeka?"

Coletha alikuwa ameshaelewa. Alipiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, haijaingia. Nakuomba, uiseme tena. Kona ya nne tu."

Mzee alimwekea mkono kichwani muda mrefu. "Mwanangu, nikirudia nitakuwa nimekunyang'anya nilichokupa. Mungu amesikia. Mkonge umesikia."

"Mimi sikusikia, baba," alisema Coletha, akalia mbele ya watu wote bila kujificha.

Najma alimtazama ndugu yake. "Nilikuuliza mara tatu," alisema. "Mara tatu, Luqmani!" Kisha akamvua mkoba ule kifuani kwa mikono yake mwenyewe, na tangu siku ile Luqmani hakuuvaa tena.

Mzee Sosthenes alipasuliwa, akapona. Daktari alisema kweli yote: uhai ulibaki, sauti haikubaki. Siku hizi hunong'ona, na wajukuu humsogezea sikio mdomoni.

Mwezi wa sita, mbaazi zilipokuwa zimechanua manjano shamba zima, Najma alikwenda Mutuka na kile kilichookolewa. Kamera haikuwa imenasa ila upepo na kuku. Lakini rekoda ilikuwa na kimaiki chake kidogo cha fundi kutajia jina la kazi, na Luqmani alikisahau wazi. Hicho hakikuhitaji antena. Walikaa uani, Coletha, mtoto wake Xaveria na mzee, wakasikiliza.

Kwanza ilitoka sauti ya mzee, nene na safi, ikimtaja Mungu na waliolima kabla yake. Xaveria aliruka. "Ni babu!" Mzee alifumba macho. Zilikuwa sentensi nne. Kisha ukaja mchanga, na ndani ya mchanga ule, wazi kuliko kitu chochote, sauti ya Luqmani ikinong'ona. Kona ya kwanza: "Mlima huu, mlima huu." Kona ya pili: "Mzee naye anatembea haraka mno." Kona ya tatu: "Najma alinunua antena gani hizi?"

Coletha alishika mkono wa baba yake. Ilikuwa inakuja kona ya nne, mahali ambapo mzee alilitaja jina lake kwa sauti ambayo haitasikika tena duniani. Mchanga ukapungua kidogo, wote wakainama mbele, na sauti ya Luqmani ikasema, safi kama maji ya chemchemi:

"Ni jua hili. Jua limezidi, limechemsha mashine."

Xaveria alimtazama mama yake, asijue acheke au aulize. Mzee Sosthenes alifumbua macho, akatazama shamba lake lililojaa maua chini ya jua lile lile, akamvuta binti yake karibu na kumnong'oneza sikioni: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."