Jina la Mtoto Aliyeshuka kwa Punda

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kuvaa suruali, nasema zamani ya majuzi, serikali iliposhushwa kutoka mji mkuu ikagawiwa watu mlangoni kwao, palikuwa na kaunti moja iitwayo Mwalenga. Kaunti ndogo ya milima na mawe. Ilikuwa na gavana, ilikuwa na bunge, ilikuwa na bendera. Pesa ndiyo haikuwa nayo.

Bunge likakaa. Likatazama huku, likatazama kule, likaona punda.

Kule Mwalenga kila kitu hushuka mlimani juu ya punda: viazi, kabeji, kuni, hata kabati la bibi harusi. Basi bunge likapitisha sheria kwamba kila punda anayeshuka soko la Mlegho alipiwe ushuru, shilingi hamsini, na risiti ifungwe shingoni mwake. Punda wakaanza kutembea na makaratasi kama makarani.

Aliyeleta mswada huo ni Mheshimiwa Righa, mwakilishi wa wadi ya Mlegho, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa miguu. Kabla ya kuupeleka bungeni aliitisha mkutano wa maoni ya wananchi, maana sheria ilimlazimu awaulize. Akawauliza. Wananchi wakamjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wakwe zangu.

Ndipo akasimama mjane mmoja, muuza kabeji, Mama Wakesho. Binti yake wa pekee, Mghoi, alikuwa amefia njiani akipelekwa hospitali kujifungua, yeye na mtoto wake tumboni.

"Mimi nitalipa," akasema. "Lakini Mheshimiwa, andika kwenye hiyo sheria yako kwamba pesa ya punda itajenga chumba cha kujifungulia hapa Mlegho. Andika sasa, nikikutazama."

Righa akaandika, mjane kamkodolea macho. Watu wakaguna, wakanung'unika, wakakubali.

Mmoja hakukubali. Huyo ni Mzee Nyambu, mwenye punda jike aliyeitwa Kamishna. Nyambu hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, alikuwa na Kamishna.

"Punda wangu hajanywa maji ya serikali," akasema, "hajalala kwenye nyumba ya serikali. Alipe kwa lipi?"

Akachukua jembe na panga, akajichimbia njia ya panya nyuma ya mikonge. Barabara ya kaunti huuzunguka mlima mara saba, lakini njia ya Nyambu ilishuka wima kama maji ya mvua, ikatokea sokoni bila kuonana na kizuizi. Alichimba miezi mitatu. Angelipa tu ushuru angetokwa na jasho pungufu, lakini usimwambie.

Kizuizi chenyewe kilikuwa bomba la chuma lililokingama barabarani, chini kabisa, karibu na soko. Mlinzi wake ni kanjo mmoja, askari wa kaunti, jina lake Malemba. Malemba alikuwa mtu wa kazi. Mama mkwe wake alipita na punda, akamtoza. Mama mkwe akalia, Malemba akampa risiti ya kufutia machozi.

Miaka miwili ikapita, chumba kikajengwa. Vitanda vinne, taa, maji ya bomba, sista mmoja aitwaye Mkamburi, na ambulensi nje. Wabunge wenzake Righa walitaka pesa ile inunue viti vipya vya bunge, vile vinavyozunguka. Righa akagoma, akapiga meza, akashinda. Wakamsusia. Uchaguzi ulipofika, wenye punda nao wakamnyima kura. Akarudi nyumbani bila kiti cha kuzunguka wala cha kutulia.

Sasa, siku ya soko, asubuhi, kule juu kijijini Ng'onda, mke wa fundi viatu, Mkawasi, akashikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, miguu mbele. Ambulensi ikapigiwa simu. Ikatoka mbio, king'ora kinalia, ikafika kizuizini, ikasimama.

Bomba limeshushwa, kufuli limefungwa, na Malemba hayupo.

Malemba yuko wapi? Yuko makao makuu, kwenye semina. Semina ya nini? Semina ya kuboresha huduma kwa mwananchi. Na ufunguo? Umo mfukoni mwa Malemba, unaboreshwa pamoja naye.

"Vunja!" watu wakampigia kelele dereva.

"Nivunje mali ya kaunti? Na mimi mwenyewe ni mali ya kaunti!"

Upande wa juu wa bomba punda walipanga foleni hadi kwenye kona. Na nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni, noti ya hamsini mkononi, akingoja kulipa? Mama Wakesho.

Habari zikafika Ng'onda kwamba gari haliji. Nyambu alitandika godoro juu ya Kamishna, wanawake wawili wakamshika Mkawasi huku na huku, wakaingia njia ya panya. Mkawasi alipiga mayowe mlima mzima. Kamishna hakujikwaa hata mara moja. Wakatokea sokoni, wakakata katikati ya mafungu ya nyanya, wakafika mlangoni pa sista.

Mtoto akatoka. Akatoka wa buluu, kimya. Sista Mkamburi akachukua kifaa cha kupulizia hewa, kilichonunuliwa kwa pesa ya punda, akambandika mtoto usoni, akabonyeza. Akabonyeza. Akabonyeza. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira kama aliyetozwa ushuru mara mbili. Msichana.

Basi sikilizeni desturi ya Ng'onda. Mtoto aliyezaliwa nje ya boma hapewi jina na baba yake. Hupewa na yule aliyemfikisha duniani. Jina ni moja, na mtoaji ni mmoja. Na mtoto huyo anakuwa wake nusu: atamchotea maji uzeeni, na siku ya maziko yake ndiye atakayekaa upande wa kichwa. Kwa mtu asiye na mtoto, hilo si jambo la kuchekea.

Siku ya pili asubuhi Mkawasi alikuwa anarudi nyumbani. Sista akatoa kadi ya mtoto, akashika kalamu.

"Jina?"

Akatangulia Nyambu. "Jina ni langu. Chumba chenu kizuri, taa zenu nzuri, ambulensi yenu inalia vizuri, na vyote vilikuwa upande wa pili wa kufuli. Aliyemleta ni mimi, kwa njia niliyoichimba kwa mikono hii. Aitwe Mkanyika, jina la mama yangu."

Akaja Righa. "Jina ni langu. Ungemleta wapi, mzee? Ungempokeza nani, muuza nyanya? Mtoto alifika hapa hapumui. Aliyempa pumzi ni pesa ya punda, na pesa hiyo niliipigania mpaka nikatupwa nje. Leo hata salamu sipewi. Aitwe Righa."

"Ni msichana, Mheshimiwa."

"Basi aitwe Mwaka, jina la mama yangu. Nami nina mama."

Mama Wakesho akaja wa mwisho, hakupaza sauti. "Jina ni langu. Chumba hiki kilitoka kinywani mwangu, siku ile ninyi nyote mlipokuwa mnatukana. Wewe Mheshimiwa uliandika, mimi ndiye niliyekuambia cha kuandika. Na kila siku ya soko nimelipa. Nyambu hajalipa hata mara moja, lakini siku ya shida alijua mlango uko wapi. Aitwe Mghoi."

Nyambu akatazama viatu vyake.

"Mama," akasema polepole, "ningelipa kama wewe, jana ningekuwa foleni moja na wewe."

Righa akataka kucheka, mjane akamgeukia. "Na lile bomba, Mheshimiwa, nani alilileta?"

"Sheria ni yangu. Kufuli si langu!"

Papo hapo akaingia Malemba, kofia mpya ya semina kichwani, faili kwapani. Hakumtazama mtoto, alimtazama Nyambu.

"Mzee, punda wako aliingia soko jana. Hamsini."

"Alibeba mtu, si mzigo!"

"Sheria haisemi abebe nini. Sheria inasema punda."

"Na ufunguo je, afande?"

"Nilifunga ili punda wasipite bure. Hata hivyo," Malemba akakohoa, "nisingefunga, msingepita njia ya mkato, mngechelewa. Ukiangalia vizuri, hata mimi nina haki kidogo kwenye hilo jina."

Sista akamwonyesha mlango kwa kalamu.

Mama Wakesho akafungua fundo la leso, akatoa noti ileile iliyolala foleni jana, akamlipia Kamishna. Malemba akaandika risiti, akatoka nje, akaifunga shingoni mwa punda. Kamishna akageuza kichwa, akaitafuna.

Nyambu akamwambia yule mjane asante. Lakini dai lake hakuliondoa. Wala Mama Wakesho hakuliondoa lake. Wala Righa.

"Nina wagonjwa wengine," akasema sista. "Kadi ina nafasi moja. Jina?"

Mkawasi akamvuta mtoto kifuani. "Huyu alinibeba. Huyu alinijengea. Huyu aliniwazia kabla sijapata hata mimba. Nikimpa mmoja, wawili waliobaki nitakutana nao sokoni kila wiki, nitawaangaliaje? Na watazikwa, mtoto wangu amekaa upande wa kichwa wa mtu mwingine."

Akawageukia watu waliojazana dirishani. Wenye risiti walikuwepo, wasio na risiti walikuwepo. Kila mmoja akamtazama jirani yake.

Kalamu ya sista bado iko hewani. Nanyi mliokaa hapa mnacheka, mnaolipa na mnaopita nyuma ya mikonge, mwambieni aandike nini: Mkanyika, Mwaka au Mghoi? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?