Mndimu wa Bi Kazija

Hapo zamani, nayo si ile zamani ya majini na wafalme, ni hii ya juzi tu, zamani ya foleni ya sukari, palikuwa na nchi ya visiwani ambayo kila kitu chake kilikuwa cha wote. Ardhi ya wote, duka la wote, basi la wote, hata likiharibika limeharibikia wote. Mkubwa na mfagiaji wakiitana "Ndugu". Mtu mwenye nyumba mbili ni kupe, ni mnyonyaji, anaimbwa kwenye gwaride. Mzungu mwenye pesa ndo usiseme.

Kisha siku moja redio ikageuza sauti. Ikasema yule kupe sasa si kupe tena, ni mwekezaji. Apokewe vizuri, apewe na dafu.

Kaeni kitako, msinikatize. Ardhi ilibaki ya Serikali, lakini mgeni akakodishwa, miaka mingi, mpaka mjukuu wa mjukuu wake azeeke nayo. Watu wakasema kauziwa, na mie nasema kauziwa. Na yule aliyezaliwa pale halipwi ardhi, kwani si yake. Hulipwa miti. Mnazi umepanda weye, unalipwa mnazi. Mwembe umepanda weye, unalipwa mwembe. Aliyepanda ndiye mwenyewe.

Basi kwenye kijiji kimoja chenye mchanga mweupe kama unga walikuwako ndugu watatu, tumbo moja. Vuai mkubwa. Ussi wa mwisho, aliyeokota Kizungu bandarini kwa kubeba mizigo. Na katikati yao Mize.

Mize mumewe alimwacha, akarudi kwa kaka yake Vuai na binti yake mdogo. Wakilala jikoni, juu ya mkeka, pembeni ya mafiga. Wifi yake hakumfukuza, la. Kila alfajiri alisimama mlangoni na sufuria, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani, "Hodi! Hodi jikoni kwangu mwenyewe! Wenyewe wameamka?" Mize akikunja mkeka. Hakutaka dhahabu, hakutaka mume. Alitaka chumba kimoja chenye mlango, na ufunguo wake aufunge kwenye pindo la kanga.

Mama yao, Bi Kazija, alikuwa keshakufa. Walimzika nyuma ya nyumba, kama kwao wanavyozika, wakamwekea jiwe moja jeupe la pwani kichwani. Lakini mbuzi walikuwa wakipita juu yake. Mize akaona uchungu, akapanda mndimu palepale kichwani, kwa kuwa mndimu una miba na mbuzi hausogelei. Mti ukakubali. Ukazaa. Na ndimu zake haziliwi na mtu. Hata mtoto mtundu kuliko wote kijijini anajua: za kwa Bi Kazija haziokotwi.

Ndipo ikavuma kuwa wageni wanatafuta pwani. Vuai akatoka kimya kimya, akaling'oa lile jiwe kichwani kwa mama, akaliingiza ndani ya nyumba, akaukingia nalo mtungi wa maji usibingirike. Mize akaja kuchota maji, akaliona. Akalijua. Akatazama chini, akaona vidole vya miguu yake.

Haukupita muda akaja Mtaliana, jina lake Renzo. Mtu mzima, kitambi mbele, kofia ya ukindu kichwani, mpole. Kazunguka shamba zima, kapenda. Kisha akamuuliza Ussi kwa Kizungu, na Ussi akawageuzia wenzake.

"Anauliza hapa kazikwa mtu? Anasema kama pana kaburi yeye hataki, atatafuta kwengine."

Vuai akasema, "Mjibu."

"Nimjibu nini? Weye ndo mkubwa."

"Mie Kizungu sikijui. Anayekijua ajibu."

Ussi keshaahidiwa na mgeni kazi ya hotelini, shati jeupe na viatu vya kung'aa. Akamgeukia mgeni akamwambia, "Hakuna, bwana." Na Mize alikuwa palepale. Kizungu hakijui, lakini alimwona mgeni anacheka na kumpa Ussi mkono. Akatazama vidole vya miguu yake.

Akaja mpimaji kutoka mjini, na kopo la rangi nyekundu na brashi. Kila mti anaouhesabu anaupaka alama. Mnazi, alama. Mnazi, alama. Mwembe, alama. Akafika kwa mndimu. Jua kali, dafu lake mkononi. Akanyoosha mkono, akachuma ndimu, akaikata kwa meno, akaikamua ndani ya dafu, akanywa.

Wote watatu wakaduwaa.

"Ehe! Ndimu ina maji hii," akasema mpimaji. "Mti huu wa nani?"

Vuai akamtazama Mize. Ussi akamtazama Mize. Wifi kule kibarazani akaacha kupepeta mchele. Na Mize alilijua neno la kusema, lilikuwa limekaa mdomoni. Aseme tu, "Huo si mti, huo ni mama." Lakini akaisikia masikioni ile hodi ya jikoni. Akauona mlango wake, na ufunguo kwenye pindo.

"Wangu," akasema. "Nimeupanda mimi."

Na kweli kaupanda yeye. Hapo ndipo panapochoma. Akatia dole gumba kwenye karatasi ya malipo, na brashi ikapita shinani. Bi Kazija akahesabiwa pamoja na miti.

Kwa pesa ya mti ule Mize akajenga chumba. Kina mlango, kina kufuli. Usiku wa kwanza alifunga, akafungua, akafunga tena, na usingizi haukuja.

Hoteli ikasimama. Na yule Renzo, masikini, mndimu hakuukata, kaupenda! Akaweka viti chini yake. Wageni wakakaa pale na nguo za kuogea, miguu juu ya mchanga, mkono bilaurini na mkono mtini, wakichuma ndimu za Bi Kazija. Na Ussi katika shati lake jeupe ndiye anayewapelekea kisu.

Kila Ijumaa Mize akenda kusimama nje ya ua wa hoteli, viganja wazi, midomo inacheza. Ijumaa moja Renzo akatoka. Kiswahili keshajifunza.

"Mama Mize, kila Ijumaa wasimama hapa. Una nini?"

"Napunga upepo, bwana."

Renzo akautazama mti. Akavitazama vile viganja. Akatazama tena mti.

"Ah," akasema. "Upepo mzuri." Akarudi kwa wageni wake. Na viti havikuondoka.

Sasa mambo yalifumuka kisimani. Wifi na Mize waligombana kwa ndoo, ndoo tu, nani alitangulia. Wifi akashika kiuno akamwambia mbele ya watu, "Toka hapa weye! Mwenzangu unalala ndani ya mama yako! Mlango mama, kufuli mama, dari mama!" Wanawake wakashika midomo. Mize akajibu, "Na weye unakunywa maji yaliyoegemea jiwe lake!" Hapo ndoo zikaachwa chini. Kijiji kizima kikajua.

Ikafika hitima ya mwaka ya Bi Kazija. Wali umepikwa, mikeka imetandikwa. Mwalimu Makame wa chuoni akaja, akakaa, msahafu kaupakata, asiufungue.

"Lileteni lile jiwe," akasema.

Likaletwa, bado bichi kwa maji ya mtungi. Likawekwa katikati ya mkeka. Renzo naye kaja, kofia mkononi, hakuna aliyemwita.

"Jiwe hili litarudi kichwani kwa Bi Kazija leo," akasema Mwalimu. "Alibebe mmoja. Apite nalo mbele ya watu, alisimamishe, aombe radhi. Yule aliyemuuza. Ndipo nitasoma."

Vuai akasema, "Mie nimeondoa jiwe, jiwe si mama. Sikumwambia mtu neno. Neno kasema Ussi."

Ussi akasema, "Mie nilikuwa mdomo wa kukodi, Mwalimu. Nimwambie kaburi lipo, aniulize li wapi, nimwoneshe nini? Jiwe lishakinga mtungi. Na pesa ya mti ule mie sikuishika. Kaishika Mize."

Mize akasema, "Mie peke yangu ndiye niliyesema kweli. Niliulizwa nani kaupanda, nikasema mimi. Nitosheke na jikoni mpaka lini?" Akalitazama jiwe. "Nilisema kweli ili nisiseme ile nyengine."

Renzo akasema, "Mimi niliuliza."

"Uliuliza mara moja, bwana!" wifi akadakia. "Hata kuku hanunuliwi kwa kuuliza mara moja, na mwenye kujibu anataka kuuza!"

Renzo akageuza kofia mkononi. "Kweli. Na ile Ijumaa niliviona viganja. Nikajua. Sikuuliza tena, maana hoteli ilikuwa imekwisha jengwa."

Wali unapoa. Mikono minne, na jiwe limekaa.

Mize akanyoosha mkono, akalishika. Mwalimu akamzuia.

"Ngoja, binti yangu. Unalichukua kwa kuwa ndiwe uliyemuuza, au kwa kuwa wenzio hawataki?"

Mize hakujua. Mkono juu ya jiwe bichi, akatazama chini, na vile vidole vyake vikamtazama.

Haya, nyie mliokaa hapa na matumbo yamejaa, msinitazame mie. Vuai kang'oa, Ussi kakana, Mize kapokea, mgeni kajua akakaa. Je, nani alistahili kulibeba?