Mafiga Chini ya Tope

Kelele kila mtu huiogopa. Wahenga walituonya tukiogope pia kilichotulia kupita kiasi, kwa kuwa huenda kinajiwekea akiba ya kishindo chake.

Familia tano zilipofikisha mashua zao ukingoni mwa mto mmoja, zilipiga vigelegele. Ardhi ilikuwa nyeusi, tambarare, kama mkeka aliotandikiwa mgeni. Mfinyanzi, mke wa seremala aliyewaongoza, ndiye pekee aliyekunja uso. Hapakuwa na chura aliyelia. Hata ndege walipita juu wakaenda zao.

"Pametulia mno," alimwambia mumewe.

"Ulitaka tupokewe kwa ngoma, mke wangu?" Wote wakaangua kicheko.

Nyumba zilipokaribia kuezekwa, mfinyanzi alichimba udongo wa vyungu nyuma ya jiko lake. Jembe likagonga jiwe. Yalikuwa mafiga matatu, na juu yake chungu, mwiko ungali ndani. Akazidi kuchimba. Chini ya mafiga hayo palikuwa na mafiga mengine, nayo yana chungu. Akamwita mumewe.

"Walihama hao," seremala alisema, lakini hakumtazama usoni.

"Nani anahama akaacha chungu jikoni, baba watoto? Twende mlimani, nakuomba."

"Nimalize paa kwanza. Mto mpole hivi utanifanya nini?"

Alimsihi hadi machozi yakamtoka, lakini ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Basi akawachukua watoto, akamshika mkono mama mkwe, wakapanda. Kwa haraka ile alikisahau chungu cha chakula cha mchana jikoni.

Kule juu jua liliwaka, mbingu haina wingu. Walisikia nyundo: ko, ko, ko.

"Mwanangu huyo," mama mkwe alisema, akatabasamu.

Kisha maji yakaacha kulamba ukingo. Nyundo nayo ikasita. Halafu mto ukanguruma, kwa mvua iliyonyesha mbali wasikokujua, ukapita na nyumba, majirani na seremala.

Maji yalipopungua, tope lilitanda jeusi, tambarare, kimya. Mfinyanzi alilia mpaka sauti ikamkauka. Alijua kilichokaa chini yake: mafiga yake matatu na chungu, mwiko ungali ndani.

Majani yalipoanza kuota, mashua ngeni zikaegeshwa.

"Pazuri hapa!" mwanamume mmoja aliwaambia wenzake. "Hata chura halii."

Mfinyanzi aliteremka mbio, akipunga mikono na kupiga mayowe: kimya kingi kina mshindo mkuu!