Ulimi wa Kengele

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa baridi!
— Tujifunike!
Basi jifunikeni, msogee karibu, maana nawapeleka Urusi.

Hapo kale, kale ya wafalme na mizinga, palikuwa na kijiji katika nchi ya Urusi. Jina lake limepotea. Theluji ilipanda hadi madirishani. Kijiji kilikuwa na kanisa la magogo, na kanisa lilikuwa na kengele ya shaba. Jumapili ililia ngoo, watu wakasali. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa siku ya tufani. Upepo ukivuma vuu, vuu, theluji ikifuta njia, kengele ililia bila kukoma, ngoo, ngoo, na aliyepotea msituni aliufuata mlio hadi nyumbani.

Mpigaji wake alikuwa Bibi Agafia. Mzee, mfupi, mkali kidogo.

Asubuhi moja akaja afisa wa mfalme, jina lake Gordei. Alikuja na sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji.

"Mfalme ana vita," akasema. "Anataka mizinga. Amri inasema shaba yote ya makanisa ishushwe."

Padri akatazama chini. "Mfalme ni mteule wa Mungu," akasema, akaibariki sleji.

"Mbariki na farasi, Baba Padri," Agafia akamwambia. "Yeye ndiye atakayevuta."

Kisha akamgeukia afisa. "Bwana mkubwa, mwanangu Yefim yuko msituni, anakata kuni. Yaone mawingu yale. Iache kengele hadi kesho."

"Bibi, mfalme hasubiri mawingu."

"Na mawingu je, yanamsubiri mfalme?"

Watu wakacheka. Afisa hakucheka.

Kengele ikashushwa kwa kamba, taratibu, taratibu. Ilipogusa chini, Agafia akaingiza mkono ndani yake, akakifungua kile chuma kinachoning'inia na kugonga. Warusi hukiita ulimi. Na neno hilohilo, kwao, ndilo lugha.

"Unafanya nini?"

"Nachukua ulimi."

"Ulimi ni wa mfalme!"

"Amri inasema nini, bwana? Shaba. Huu ni chuma. Upeleke, mzinga upasuke, halafu uulizwe wewe."

Afisa akaugonga kwa ukucha. Chuma kweli.

"Haya, baki na ulimi wako," akasema. "Tuone utamsema nani."

Akaondoka.

Alasiri tufani ikashuka. Vuu! Mlango wa jirani hauonekani kutoka mlangoni. Yefim hajarudi. Agafia akautazama mnara mtupu.

"Kengele imekwenda," majirani wakasema. "Tutamwitaje?"

"Leteni plau."

Wakalitundika plau la chuma, lile jembe la kukokotwa na farasi, mbele ya kanisa. Agafia akalipiga kwa ulimi. Kang! Sauti mbaya, kavu, ya kutia meno ganzi. Kang! Mkono wake ulipochoka, jirani akapokea. Jirani alipochoka, padri akakunja mikono ya joho lake, akapokea. Kang! Kang!

Kule porini, Gordei amepotea. Farasi hajui mbele, hajui nyuma. Na kengele ipo, imelala kwenye majani makavu ndani ya sleji. Akaipiga ngumi. Pu. Akaipiga kwa mpini wa mjeledi. Pu. Akakaa juu yake, akaanza kusinzia usingizi ule wa baridi, ambao mtu haamki.

Ndipo akasikia, mbali: kang!

Akageuza farasi. Mbele kidogo akamkuta mtu anatambaa kwenye theluji, anaufuata mlio uleule. Akampandisha, akamlaza ubavuni mwa kengele. Alikuwa Yefim.

Sleji ilipofika kanisani, Agafia akamshika mwanawe uso, akamwangalia masikio, akamwangalia vidole. Vyote vipo. Kisha akamtazama afisa.

"Umeniletea mwanangu."

"Wewe umeniita, Bibi."

"Sikukuita wewe. Nilimwita yeye. Ila umesikia. Ingia, kuna supu ya kabichi."

Asubuhi kukatulia. Kijiji kizima kikasimama kuizunguka sleji. Gordei akaitazama kengele kwa muda mrefu.

"Nikiiacha, nitakatwa kichwa."

"Najua," Agafia akasema. "Nenda nayo."

Gordei akapanda. Akashika hatamu. Hakuondoka.

"Na nikipotea tena?"

"Tutapiga, mjinga wewe. Nenda."

Kengele ikayeyushwa, ikawa mzinga. Mzinga ukanguruma vitani, wala hakuna aliyeufuata mlio wake akafika nyumbani. Mfalme yule akafa. Wakaja wengine, wakachukua vingine. Ulimi ukabaki. Watoto waliuliza kwa nini chuma kile kinaitwa ulimi, wakasimuliwa. Walipokua, wakasimulia. Baadhi yao wakaandika vitabu.

Funzo ni hili: watawala wakija kuchukua, tazama kwanza ni kipi kinachowaita watu nyumbani. Kishike hicho.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa kanisa. Anayepita, na agonge.