Vitanda vya Kirambo na Salamu za Mwezini

Hapo zamani, enzi ambazo anga lilikuwa halijaguswa na mtu, palikuwa na mji uitwao Kirambo, na Sultani wake aliitwa Haidari. Hakuwa Sultani mbaya. Ila alikuwa na kiu ya kujua mambo, na kiu hiyo ilimzidi jioni moja alipouona mwezi mpevu umekaa juu ya kilima kama sinia juu ya kichwa cha mpishi.

"Babu yangu aliijua bahari," akamwambia Waziri wake, Mafudhi. "Baba yangu aliijua milima. Mimi niliyekuja mwisho nitajua nini? Jenga ngazi pale kilimani. Nitaujua mwezi."

Basi Waziri akajenga. Miti ya msituni ilipokwisha, ikawa zamu ya milango. Na milango ilipokwisha, ikawa zamu ya vitanda, maana kitanda kina mifumbati miwili mirefu, ile miti ya ubavuni, na ukikisimamisha tayari ni kipande cha ngazi. Askari wakapita nyumba kwa nyumba, na mji mzima ukalala chini. Hata kuku, waliozoea kutaga uvunguni, walizunguka vyumbani wakishangaa uvungu umekwenda wapi.

Katika mji huo alikuwamo Vuai, mtu asiye na kitu ila ulimi wake. Yeye na mkewe Mize walikuwa na kitanda kimoja tu, nacho kilichukuliwa wakati Mize yu karibu kabisa kujifungua.

"Vuai," akasema Mize, ameegemea ukuta, "mkunga amesema sakafu hii ina unyevu, haifai mzazi wala mtoto. Nitafutie kitanda. Usinitafutie maneno, nitafutie kitanda."

"Mke wangu, mali yangu mimi ni maneno," akajibu Vuai. "Ngoja nikaone kama kuna anayeyapokea akatoa kitanda."

Akaenda kilimani, jua linatua. Akamkuta Sultani amesimama na Waziri chini ya ngazi. Vuai akaitazama ile ngazi, vitanda vimefungwa kimoja juu ya kimoja hadi mawinguni, vingine kamba zake bado zinaning'inia, na kicheko kikamtoka.

"Unacheka nini?" akauliza Sultani.

"Nimekiona kitanda changu, Maulana. Kimepanda cheo kuliko mimi."

"Huyu ni Vuai, mpumbavu wa mji," akasema Waziri.

"Basi ndiye tunayemtaka," akasema Sultani, "kwa kuwa wenye akili wote wamekataa kupanda. Vuai, utapanda, utampa mwezi salamu zangu, nawe utaniletea jibu lake. Ukishuka bila jibu, nitakurudisha juu ukae huko mpaka ulipate."

Vuai akawaza. Akikaa juu, nani atamtafutia Mize kitanda? Lakini amri ni amri. Akapanda, na upepo ukaiyumbisha ngazi kama mnazi, na alipofika kipandio cha mwisho akakuta mwezi uko mbali vilevile, haukupungua hata hatua moja.

Ndipo akatazama chini, na ikawa kama amekunywa kitu kitamu. Kirambo yote ilienea katika kiganja chake. Nyumba ya Waziri na nyumba yake mwenyewe zilikuwa sawa kwa ukubwa, kama punje mbili za mtama. Na nyuma ya kilima, upande ambao hakuna aliyewahi kwenda kwa sababu ya miiba, aliona mstari wa majani mabichi na maji yanametameta kwa mwanga wa mwezi, maji matamu, ilhali wanawake wa Kirambo walikuwa wakienda mwendo wa nusu siku kuteka. Vuai akacheka peke yake huko juu, akasahau kidogo kwamba alipanda kwa amri. Kisha akawaona watu wanatandika majamvi nyuani, wamelala chini safu kwa safu kama dagaa walioanikwa, akakumbuka.

"Ewe mwezi," akaita, "Sultani Haidari anakusalimu."

Kimya.

Akaanza kushuka, kichwa kizito. Lakini kila alipoinua macho aliuona mwezi nao unashuka pamoja naye, unachungulia katikati ya vitanda, akienda nao uko, akisimama nao umesimama. Alipofika chini uso wake ulikuwa umechangamka.

"Lete jibu," akasema Sultani.

"Jibu liko nyuma yangu, Maulana. Nilipotoa salamu hakusema neno, ila nilipogeuka kuondoka, akanifuata."

"Mwongo huyu," akasema Waziri.

"Usiuamini mdomo wangu, Bwana Waziri. Iamini miguu yako. Tembea, umtazame."

Sultani akatembea, macho juu. Mwezi ukaenda naye. Akaharakisha, ukaharakisha. Akapandisha kanzu akakimbia mbele ya kilima, kilemba kimemshuka masikioni, na mwezi unamfuata juu ya vichaka. Waziri naye alikuwa anakimbia kuelekea upande mwingine.

"Ananifuata mimi," akapiga kelele Sultani.

"Samahani, Maulana, ananifuata mimi," akajibu Waziri kutoka gizani.

Mara askari wote wakawa wanakwenda huku na huku, shingo juu, wanagongana, na kila mmoja anaapa mwezi ni wake. Sultani akarudi anahema, ana furaha kama mtoto. "Kweli anakuja, Vuai."

"Anakuja, Maulana. Muungwana akisalimiwa na Sultani hatumi jibu, huja mwenyewe. Wala haji peke yake. Zile nyota ni jamaa zake."

"Ni wengi?"

"Nilijaribu kuwahesabu nikachoka. Sasa nauliza tu, mimi mpumbavu: tutawakalisha wapi? Hata maskini akipata mgeni humpisha kitanda. Kirambo haina kitanda. Mwezi atafika, akae chini, na kesho mbingu zote zitasikia kwamba Sultani Haidari hana pa kumkalisha mgeni."

Sultani akageuka rangi. "Shusheni vitanda," akaamuru. "Kila kitanda kirudi kwa mwenyewe, upesi, asije akatukuta hivi."

Ikawa vurugu ya furaha. Vitanda vilishuka kama mvua, vikapita njiani juu ya vichwa vya watu, mwingine amebeba kitanda cha mkwewe kwa makosa na mkwe anamkimbiza. Vuai alipokiona chake akashika upande mmoja, na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye mikono mitupu, Sultani akashika upande wa pili.

Mize alipowaona mlangoni, uchungu umeshamwanza, akasema, "Nilikuomba kitanda, Vuai, nawe umeniletea na Sultani."

Mkunga akawafukuza wote wawili. Wakakaa nje barazani, wakangoja. Sultani alingoja wageni, na Vuai alingoja wake. Hatimaye Sultani akauliza, "Mbona hafiki?"

"Ameshafika, Maulana. Tazama." Akamwonyesha nyua za jirani, ambako watu walitandika vitanda vyao nje kwa ajili ya joto, na juu ya kila kitanda mwanga mweupe ulikuwa umelala umejinyoosha. "Huja hivi kila mwezi, wala hajawahi kuomba ngazi."

Sultani akautazama ule mwanga, kisha akamkazia Vuai macho, hata Vuai akaanza kuipapasa shingo yake. Mara ndani mtoto akalia, mlio mkali wa mtoto mzima, na Sultani akaangua kicheko mpaka akashika nguzo.

"Umenihadaa," akasema akifuta machozi. "Lakini mimi bado sijaujua mwezi."

"Na mimi sikukatazi kuujua," akasema Vuai, safari hii bila mzaha. "Juu kule ni kuzuri, Maulana. Sikufika mwezini, lakini niliona maji matamu nyuma ya kilima, karibu sana na sisi, na kutoka chini nisingeyaona maisha yangu yote. Ijenge tena ngazi yako. Ila anayetaka kujua na atoe kitanda chake, siyo cha mzazi."

Basi Sultani akafanya hivyo. Njia ya majini ikafyekwa, na ngazi mpya ikasimama kilimani, fupi kuliko ya kwanza, imetengenezwa kwa vitanda vya jumba la Sultani na milango ya Waziri, na Vuai akapewa kazi ya kuipanda na posho ya kumtosha yeye na jamaa yake. Sultani mwenyewe akalala mkekani, na Waziri alipomuuliza asubuhi amelalaje, akajibu kwamba mgongo unauma, lakini ukilala chini mwezi unauona vizuri zaidi dirishani.

Walioishi Kirambo ndivyo walivyotusimulia, nasi tumewapa ninyi.