Mkanda Shingoni mwa Semkiwa

Paukwa!

Pakawa!

Wewe wa nyuma hujaitika. Mdomo umeuazima? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hii hamtaiamini. Bisheni, tena bisheni kwa sauti. Wabishi wakubwa kuliko nyinyi nimewaona wakirudi kwao kimya.

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilikuwa na mashine ya mbao. Mashine moja, kazi zote: inapasua, inaranda, inatoboa. Ilizungushwa na maji. Maji yakifunguliwa, gurudumu linavuta mkanda wa ngozi, mkanda unavuta puli, kile kigurudumu cha mashine, na mashine inaimba: taka-taka, taka-taka!

Lango la maji lilikuwa mbali, nyuma ya migomba. Anayefungua hamwoni aliye bandani. Ndiyo maana wakaweka desturi: anayetia mkono ndani ya mashine, kwanza auvue mkanda kwenye puli, auvae shingoni. Mkanda ukiwa shingoni, maji yaje yasije, mashine imelala.

Fundi wake alikuwa Semkiwa. Naye alikuwa anaoa. Kwao, bibi harusi hatoki nyumbani mpaka kitanda kisimame. Kitanda hakijaanza, na mashine imechoka. Mkanda unateleza, kwii! kwii! Puli inayumba kama mlevi.

Akaja Mzee Mhando, babu yake bibi harusi. Mzee yule alikuwa na hasira za siafu waliokanyagwa. Hata "karibu" yake ungedhani unafukuzwa. Akaitikisa puli.

"Bushi zimekwisha, hizi pete zinazoshika mhimili. Mhimili unacheza, puli imelika. Anza na bushi, kisha puli. Mkanda uwe wa mwisho."

"Babu, anayelia ni mkanda."

"Mtoto akilia utampiga mtoto, au utamtoa siafu?"

Semkiwa akanuna. Huyu mzee, kila siku kumkaripia! Akachuna ngozi ya fahali, akashona mkanda mpya, akauvalisha kwa kuvuta na kutukana mpaka jasho likamwingia machoni. Akatazama. Puli bado inayumba.

Kumbe bushi kweli. Lakini auvue mkanda tena? Ule uliomtoa roho? Thubutu! Akaokota mkanda wa zamani, uliochanika, akautupia shingoni. Desturi si imetimia? Akapiga magoti nyuma ya mashine, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akagonga bushi: ko! ko! ko!

Mara mlango, pwaa! Mzee Mhando. Anakimbia! Mmewahi kumwona mzee wa heshima akikimbia?

"Umevaa nini wewe?"

"Mkanda, babu. Desturi."

"Umevaa maiti, mpumbavu! Aliye hai yuko kwenye mashine!"

Akachomoa kisu kiunoni. Chwaaa! Mkanda mpya ukakatika vipande viwili.

Mnauliza kwa nini hakusema tu "toa mkono"? Semkiwa huyu? Kwanza angebisha.

Semkiwa aliwaka. Fahali wake! Kitanda chake! "Mzee, una wazimu! Kama hutaki nimwoe Nyange, sema! Sema mbele ya watu!"

Mkono wake ulikuwa bado ndani.

Gu. Gu. Gu-gu-gu-gu! Gurudumu likazunguka. Mkanda uliokatika ukaruka kama mkia wa kenge, ukachapa ukuta, ukaanguka. Puli ikabaki kimya juu ya vidole vya Semkiwa.

Akautoa mkono polepole. Akakunja vidole. Akavikunjua.

"Bushi," Mzee Mhando akafoka, na sauti inamtetemeka. "Zote! Kisha puli! Unatazama nini?"

Wakabadilisha bushi. Wakachonga puli mpya. Mkanda wakaushona mwisho, wote wawili wamenuna, hakuna aliyemtazama mwenzake. Taka-taka, pap! Taka-taka, pap! Ile pap ilikuwa mshono ukipita kwenye puli, na kila ukipita Semkiwa alifumba kiganja. Kitanda kikasimama. Nyange akatoka.

Kijiji kizima kikasema: Mzee Mhando ana masikio yanayosikia maji kabla hayajafunguliwa. Mpaka leo anasifiwa hivyo.

Funzo lake: desturi si shanga za kujipamba. Ukiivaa bila maana yake, itakuacha ukatwe huku umeivaa.

Hadithi yangu naitua hapa.

Mbona mnanikodolea macho? Haya, haya! Kuna kipande nilikiruka.

Aliyemtuma Bi Chausiku, mwangalizi wa lango, akafungue maji ni Mzee Mhando mwenyewe. Mzee alikuwa na haraka ya kitanda kuliko bwana harusi mwenyewe. Alichungulia dirishani, akaona mkanda mpya umekaa kwenye mashine, hakumwona mtu aliyepiga magoti nyuma yake. "Nenda kafungue," akamwambia. Bi Chausiku akaenda, akapotelea migombani. Ndipo mzee akasikia ndani: ko! ko! ko!

Hasira ile yote mliyoisikia, nusu tu ilikuwa ya Semkiwa. Nusu ya pili mzee hakumwambia mtu ni ya nani. Bi Chausiku aliijua, na alikaa nayo kifuani mpaka walipomzika mzee.

Sasa bisheni.